Umeme wa AC zilizowekwa juu ya slabu: ethi, RCCB na aisoleta ndo vya kwanza, mengine yafuate

FundiKebo_Dar

Wakuu heshima kwenu. Joto la Dar ndo hilo linapanda, kuanzia sasa mpaka Machi huko kila mwenye nyumba ya slabu anafunga AC, na ile mashine ya nje inapelekwa juu kwa sababu ukutani hakuna nafasi au jirani analalamikia kelele. Kupeleka juu sio kosa, kule kuna hewa na mashine inapumua vizuri. Kinachonifanya nifungue huu uzi ni umeme unaopelekwa kule juu. Kazi yangu ni ya kupanda slabu za watu, Sinza, Tabata, Mbezi mpaka Kigamboni, na ninachokikuta kinaniumiza roho kwa kweli. Waya wa kawaida wa ndani umelazwa tu juu ya zege, jua la saa saba linaupiga kila siku mpaka ngozi imekakamaa na kupasuka, katikati kuna kiungo kimezungushiwa tepu nyeusi na tepu yenyewe imeshaachia gundi, mvua ikinyesha maji yanatuama palepale kwenye kiungo. Aisoleta, ile swichi ya kukata umeme palepale mashine ilipo, hakuna. Ule waya wa kijani na njano, wa ethi, unakuta umekatwa na koleo ukakunjwa pembeni, eti "huu hauna kazi".

Sasa mwenye nyumba ukimwambia anakujibu "fundi, si kuna breka chini?" Hapo ndo pa kukaa tuelewane, maana watu wanakufa kwa kuamini breka.

Nyumba nyingi za kwetu TANESCO anakuletea laivu na nyutro, ethi unaitengeneza mwenyewe kwa kugongelea rodi ardhini. Chukulia laivu imechubuka ikagusa bodi ya AC, yaani lile ganda la chuma la mashine, kule juu. Umeme utapita kwenye waya wa ethi, ushuke kwenye rodi, uingie udongoni, utafute njia ya kurudi kwenye ethi ya transfoma. Njia yote hiyo ina ukinzani. Tuseme ni ohm 20, na hiyo ni ethi ambayo fundi anaweza kujisifu nayo. Gawanya 230 kwa 20 unapata ampea 11.5. Breka yako ni ya ampea 20. Breka inaziona ampea 11.5 ni mzigo wa kawaida, haikati leo haikati kesho, na muda wote huo bodi ya AC, fremu yake, reli ya ngazi na mabati yaliyogusana nayo yote yana umeme. Ukiwa kwenye mchanga mkavu ethi inaweza kusoma hata ohm 100, hapo zinavuja ampea 2.3, ambazo ni kama wati 530, maana yake kwa siku nzima LUKU inakula karibu unit 13 za bure kabisa na mwenye nyumba anabaki kulaumu mita.

Sasa mtu akigusa hiyo bodi. Mwili wenye ukinzani wa ohm 1500 hivi kwenye volti 230 unapitisha kama miliampea 150. Hizo zinatosha kuua. Breka ya ampea 20 kwa miliampea 150 haijui hata kama kuna kitu kinatokea.

Kifaa kinachojua ni RCCB ya 30mA. Yenyewe haiangalii mzigo ni mkubwa kiasi gani, inalinganisha umeme uliokwenda kwenye laivu na uliorudi kwenye nyutro, tofauti ikifika miliampea 30 inakata, na kwa kuvuja kwa miliampea 150 kifaa kizima kinatakiwa kukata ndani ya milisekunde 40. Na uzuri wake ni kwamba hata ethi yako ikiwa mbovu kiasi cha ohm 100, zidisha kwa ampea 0.03, ndo hizo miliampea 30, unapata volti 3 tu kwenye bodi kabla haijakata. Kwa hiyo mimi mteja akiniambia hela haitoshi kwa vyote, namwambia rangi ya tranki iache, stendi ya bei mbaya iache, RCCB na waya wa ethi usiguse kabisa hiyo bajeti.

Karibuni tujadili, mwenye swali aulize, mafundi wenzangu pia mchangie.

Mzaramo_Halisi

Fundi asante kwa somo ila naona kama unatutisha kidogo, mimi AC yangu ya 12000 BTU nimechomeka plagi ya kawaida ya pini tatu na mashine iko juu, inapiga kazi miaka haina tatizo lolote. Hizi RCCB sijui aisoleta si ndo kumuongezea fundi hela tu?

FundiKebo_Dar

Mkuu sikutishi. Hiyo 12000 inakula kama ampea 5, soketi nzuri ya ampea 13 inaibeba bila jasho, hapo sina ugomvi na wewe. Ya 18000 inakwenda kama ampea 8, ya 24000 kama 11 au 12 na inakaa hapohapo masaa, ile plagi ukiigusa usiku unakuta ya moto na pini zimebadilika rangi, kwa hiyo kuanzia 18000 mimi natoa laini yake peke yake kutoka kwenye DB, lile boksi la breka. Ila soketi sio hoja yangu. Hoja ni kwamba kutoka mashine ya ndani kwenda ya nje kuna waya unaopanda juu na una volti 230 zilezile, na ule ndo unapigwa na jua na mvua. Kuchomeka plagi chini hakujabadilisha chochote kule juu. Jifanyie kitu kimoja leo, fungua mlango wa DB yako uone kama kuna swichi yenye kitufe kidogo kimeandikwa T au TEST. Kama ipo kibonyeze. Ikikata ni nzima, irudishe. Isipokata ni pambo. Kama haipo kabisa, hiyo miaka iliyopita salama imepita kwa sababu waya haujachubuka bado.

Mzaramo_Halisi

Nimeangalia, hakuna kitufe chochote. Kuna breka sita na ile meini tu. Sawa nimekusoma mkuu, natafuta fundi.

dada_wa_Kigamboni

Habari zenu jamani, naomba msaada maana huu uzi umenigusa. Nna guest ndogo Kigamboni, ghorofa moja, AC nne zipo juu kwenye slabu. Dada anayefua ananilalamikia kwamba akianika mashuka asubuhi anahisi kama kuna kitu kinamtekenya vidoleni akishika kamba, tena akiwa peku na zege likiwa na maji ndo anasikia zaidi. Kamba yenyewe ni waya wa chuma umefungwa upande mmoja kwenye nguzo na upande wa pili kwenye fremu ya AC. Fundi aliyefunga nimempigia kasema ni kawaida ya AC za inveta, nisiogope. Je ni kweli?

FundiKebo_Dar

Dada hapana. Acha unachofanya sasa hivi, zima breka za AC zote nne kwenye DB, sio rimoti, BREKA, na huyo dada asipande juu kabisa leo wala kesho mpaka fundi mwenye kipimo afike. Hiyo kamba asiiguse mtu hata kuifungua, ataifungua fundi baada ya kupima na kuona hakuna umeme. Mashuka yaanikwe uani.

Nikueleze kwa nini yule fundi kasema ni kawaida, maana kuna nusu ya ukweli ndani yake na nusu ndo hatari. AC za inveta, zile ambazo kompresa inapunguza na kuongeza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, kwenye sakiti yake ya elektroniki zina kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, moja kutoka laivu kwenda kwenye bodi ya chuma, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bodi hiyohiyo. Kama waya wa ethi umefungwa vizuri, kile kidogo kinachopita pale kinashuka ethi na hakuna mtu anayesikia chochote. Kama ethi haipo, bodi inabaki inaelea katikati na ukiweka mita ya dijitali unasoma kama volti 110 au 115 hivi. Ndo huo mtekenyo. Kwa hiyo mtekenyo wenyewe unaweza usiue, ila unakupa taarifa kwamba mashine yako HAINA ETHI, na siku laivu ikigusa bodi kweli hizo volti zitakuwa 230 zenye nguvu yote, na huyo dada atakuwa ameshika chuma akiwa peku kwenye maji.

Fundi akija apime bodi ya AC kwa kulinganisha na ethi nyingine anayoiamini, hata rodi ya muda aliyoigongelea chini akavuta waya. Hicho kipimo peke yake ndo kinahitaji umeme uwashwe, kwa hiyo watu wote wawe mbali na slabu muda huo, na akimaliza kusoma azime tena kabla hajafungua kitu. Akisoma mia na kitu kwenye inveta, ethi imekatika au haijafungwa. Akisoma 220 au 230 kuna waya umechubuka au kompresa imevuja ndani. Vyote viwili AC haiwashwi. Halafu tafadhali aangalie waya uliopanda juu una nyaya ngapi ndani yake.

NyaliReefer

Salamu kutoka Mombasa. Fundi wa Dar amesema kweli na mimi niongeze ya pwani maana chumvi hii ni moja, ya Nyali na ya Kigamboni. Huku kwetu mimi hufanya sana mahoteli ya ufuoni. Terminali za shaba zikikaa miezi kwenye upepo wa bahari zinaota ule ukungu wa kijani, skrubu inalegea, mgusano unakuwa mbaya, pale panapata moto na plastiki inaanza kuyeyuka. Stima haikatiki kwa sababu ampea hazijazidi, zinazozidi ni joto tu. Kwa hivyo kila nikifanya sevisi ya gesi na kuosha koili lazima nifungue pia kifuniko cha umeme, nikaze skrubu zote, niangalie rangi ya waya. Waya ulioanza kuwa kahawia karibu na skrubu nakata nyuma mpaka pasafi, naweka lagi mpya, kile kichwa cha chuma cha ncha ya waya, naibana na koleo lake, si koleo la kawaida.

La pili ni aisoleta. Hii nasema kwa uchungu. Fundi yuko juu, mikono ndani ya mashine, kazima kwa swichi ya chini. Chini mgeni anasikia joto, anaona swichi imezimwa, anaiwasha. Hakuna ubaya wowote moyoni mwake, hajui kuna mtu juu. Ndiyo maana aisoleta inafaa iwe palepale mashine ilipo, fundi aione kwa macho, iwe ya kukata laivu na nyutro zote mbili, kifuniko cha kuzuia maji IP65, na iwe na tundu la kutia kufuli. Mimi kufuli langu hukaa mfukoni, ufunguo mmoja, simwachii mtu.

Na isifungwe juu ya mlango wa mashine yenyewe, manake siku ya kufungua ule mlango itabidi ufungue aisoleta pia.

FundiKebo_Dar

Mkuu wa Mombasa umenena. Niongeze hapohapo kwenye aisoleta, waya uingie kwa chini, sio kwa juu wala ubavuni, na kabla haujaingia uuachie ushuke kidogo halafu upande, maji ya mvua yakitiririka kwenye waya yadondokee pale kwenye mshuko yasiingie kwenye boksi. Na kile kiraba cha kubana waya kwenye tundu kiwekwe, unakuta fundi katoboa tundu la duara waya unaingia tu wazi, mijusi na sisimizi nao wanaingia. Sisimizi wakijaa kwenye kontakta ya AC wanaisumbua mpaka inashindwa kushika.

Na baada ya kuzima msikimbilie kushika. Kapasita ya kompresa inabaki na chaji. Kwenye inveta ndo zaidi, umeme wa 230 ukigeuzwa kuwa DC unafika kama volti 325 na unakaa kwenye makapasita makubwa hata aisoleta ikiwa imezimwa. Kitabu cha mashine kinaandika usubiri dakika kadhaa, mara nyingi tano au kumi, subiri, halafu pima kwa mita kwenye DC mpaka uone imeshuka karibu na sifuri. Na testa unayotumia uijaribu kwanza mahali unapojua kuna umeme, pima kwenye mashine, halafu rudi uijaribu tena palepale pa kwanza. Testa iliyokufa inakuambia hakuna umeme kila mahali.

kijana_VETA

Shikamooni mafundi. Mimi nasoma umeme wa majumbani, naomba mnisaidie hesabu ya waya. Darasani tumeambiwa AC weka waya wa mm 2.5 (za mraba), mtaani naona wengine wanaweka 4, wengine 1.5. Ipi sahihi kwa 24000 ya kawaida isiyo inveta, kutoka DB mpaka juu ni kama mita 30?

FundiKebo_Dar

Marahaba kijana, hilo ndo swali. 1.5 itoe kabisa kwenye mawazo. Tuangalie 2.5 na 4.

Kwanza volti zinazopotea njiani. Waya wa 2.5 unapoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, wa 4 unapoteza 11. AC yako inakula ampea 12, mita 30. Kwa 2.5 ni 18 mara 12 mara 30 gawanya kwa 1000, unapata volti 6.5. Kwa 4 unapata karibu volti 4. Zote ziko chini ya asilimia 5 ya 230 ambayo ni volti 11.5, kwa hiyo kwenye karatasi 2.5 imefaulu na wengi wanaishia hapo.

Ila hii sio inveta. Kompresa ya kawaida inapoondoka inavuta mara nne mpaka sita ya ampea zake, tuseme 60 kwa muda mfupi tu. Rudia hesabu kwa 60: waya wa 2.5 unapoteza volti 32, wa 4 unapoteza kama 20. Sasa jioni saa moja mtaa mzima umewasha, TANESCO anakuletea 205. Toa 32, kompresa inapata 173 na inatakiwa iondoke na mzigo wa gesi. Inanguruma, haizunguki, inapata moto, ovalodi inakata, inapoa, inajaribu tena. Fundi wa gesi anakuja anasema kompresa imekufa, na kweli sio muda mrefu inakufa. Waya ndo ulioiua.

Pili joto, na hili kwa slabu ndo kubwa. Waya wa PVC wa 2.5 ndani ya paipu umeandikwa ampea 24, lakini hiyo ni kwa hewa ya nyuzi 30. Paipu iliyolala juani juu ya zege hewa yake inaweza kufika nyuzi 50. Kwa 50 unazidisha na 0.71, zile 24 zinabaki 17. Ukiweka breka ya 20 umeshapoteza ulinzi, waya unaweza kupata moto kupita kiasi na breka isikate. Wa 4 una 32, mara 0.71 unabaki na karibu 22.7, hapo breka ya 20 inaulinda. Kwa hiyo kwa swali lako mimi naweka 4, breka C20. Herufi C ni kwa sababu ya ule mshtuko wa kuondoka, ya B inaweza kukata ovyo kompresa inapoamka.

Na kijana, ukienda dukani kwangua ncha ya waya kwa kisu. Kuna waya unauzwa una rangi ya shaba nje ukikwangua ndani ni mweupe, aluminiamu iliyopakwa. Huo usiununue hata kwa nusu bei, hesabu zote hizi zinakufa kwa sababu zimepigwa kwa shaba. Na shaba nyembamba pia ipo, imeandikwa 2.5 ukiipima ni pungufu.

kijana_VETA

Asante sana mwalimu, hii ya kuzidisha 0.71 sikuwahi kuielewa matumizi yake mpaka leo. Na paipu gani inafaa juani? Hizi nyeupe zinakatika.

FundiKebo_Dar

Paipu nyeupe nyepesi za ndani zikikaa juani zinakuwa kama ganda la yai, ukikanyaga zinavunjika. Tumia nzito za nje, au kama mfuko unaruhusu vuta kebo ile yenye nyaya za chuma zimeuzunguka waya ndani, ile hata ikikanyagwa haina shida, ila kile chuma chake lazima kifungwe ethi kwa klampu yake pande zote. Kipande kifupi cha kutoka aisoleta kwenda kwenye mashine tumia kebo laini ya mpira mweusi ya kazi za nje kwa sababu mashine inatikisika. Na usilaze paipu moja kwa moja kwenye zege, inyanyue kwa vibanio, maji yapite chini na joto la zege lipungue.

Muscat_Baridi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Maskati, kazi yangu ni hizi AC za juu ya paa, huku karibu kila jengo zimejaa juu na kiangazi joto linapita 45, kwa hiyo hilo la kuzidisha 0.71 huku ndo maisha yetu, na saa nyingine hata hiyo haitoshi.

Nataka kuongezea za fezi tatu, maana naona hoteli na maofisi ya huko nyumbani nayo yameanza kuziweka. Kwanza mpangilio wa fezi. Kompresa za skroli zikizungushwa kinyume hazisukumi gesi, zinapiga kelele mbaya na zikiachwa hivyo zinaharibika. Ukibadilisha kebo au shirika la umeme likibadilisha kwenye nguzo, pima mpangilio kabla ya kuwasha. Weka rilei ya kulinda fezi, inakata ikipotea fezi moja au zikigeuka. Pili nyutro. Kwenye fezi tatu nyutro ikikatika, vile vifaa vidogo vya fezi moja ndani ya mashine, bodi za kontroli na feni, vinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Skrubu ya nyutro ikazwe kwa heshima ileile ya laivu.

Nimesoma habari ya yule dada na kamba ya nguo. Jamani fremu ya AC sio nguzo, isifungwe kamba, isifungwe dishi la setilaiti, isifungwe waya wa intaneti. Dishi likifungwa pale umeme unashuka na kebo ya TV mpaka sebuleni.

NyaliReefer

Waaleikum salaam. Hilo la dishi ni kweli kabisa, nimelikuta.

Kuna jengine sijaona limetajwa. Mafundi wengine wakikosa ethi wanaunga bodi ya AC na nyutro, wanasema nyutro na ethi ni kitu kimoja huko kwenye transfoma. Msikubali. Nyutro ikikatika popote kati ya mashine na mita, ile bodi inapata stima yote kupitia mzigo wa mashine yenyewe, na hakuna breka itakayokata. Na bomba la shaba la gesi pia si waya wa ethi.

Ziwani_Mwz

Sisi wa Mwanza radi ndo mtihani wetu. AC juu ya ghorofa, radi ikipiga karibu bodi ya elektroniki imekwenda. Kuna kinga?

FundiKebo_Dar

Ipo kinga ya kupunguza, sio ya kuzuia radi iliyokupiga moja kwa moja. Weka kifaa cha kudaka mshtuko wa volti, SPD, kwenye DB, na waya wake wa kwenda ethi uwe mfupi sana, usiuzungushe zungushe. Kama jengo lina mlingoti wa radi lazima mhandisi aangalie, mashine isikae ikigusana na shaba ya mlingoti kiholela. Na kama una AVS, kile kifaa cha kulinda volti kinachochelewesha umeme ukirudi, usiitoe, ile dakika tatu inaipa kompresa nafasi presha ya gesi isawazike kabla haijaondoka tena.

dada_wa_Kigamboni

Jamani nimerudi. Nilizima zote kama fundi alivyoniambia, wageni walilalamika ila niliwapa feni. Nimepata fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, alikuja na kipimo cha ethi na kingine anakiita mega, cha kupima kama ngozi ya waya ni nzima. Bodi za AC zote nne zilisoma kati ya 108 na 116. Sababu yake, waya uliopandishwa juu una nyaya mbili tu ndani, laivu na nyutro, wa tatu haupo kabisa! Na chini rodi ipo lakini waya wake umekatika kutu pale kwenye klampu, ukiuvuta unatoka na mkono.

Amegongelea rodi mbili mpya za mita 1.2 zimeachana, karibu na pale maji ya kuogea yanapomwagika, anasema sasa inasoma ohm 38. Amevuta waya mpya wa nyaya tatu, mm 4, kila AC na aisoleta yake. Mega alipima waya mtupu kabla ya kuunganisha mashine, akasema asipofanya hivyo bodi za inveta zitaungua. Swali langu, ananiuliza niweke RCCB moja kubwa ya AC zote au kila AC na yake? Bei ni tofauti sana.

FundiKebo_Dar

Mwenyezi Mungu ashukuriwe dada, na umempa yule dada anayefua uhai wake. Hiyo ohm 38 ni nzuri kwa Kigamboni. Ukijaribu ile hesabu yetu, 230 kwa 38 ni ampea 6, breka ingelala usingizi, kwa hiyo RCCB bado ni lazima.

Mimi ningekushauri kila AC na yake, zile zilizounganishwa breka na RCCB kwenye kifaa kimoja, RCBO, ya C na 30mA, ya ampea kadiri ya mashine. Sababu ni kwamba kila inveta inavujisha kidogo kwenye ethi kupitia zile kapasita nilizosema, hilo halina ubaya ethi ikiwepo, lakini nne zikijumlishwa kwenye RCCB moja zinaisogeza karibu na kukata, halafu saa nane usiku moja ikizingua wageni wote wanakosa baridi, na asubuhi utaona mtu amekuja "kusaidia" kwa kuitoa RCCB. Aina ya RCBO nayo iangaliwe, kwa inveta isiwe ile ya zamani inayoitwa aina AC (hapo AC ni jina la aina, sio kiyoyozi), iwe aina A, alama yake ina wimbi na chini yake nusu mawimbi. Kitabu cha mashine kikitaja aina nyingine fuata kitabu.

Na mwambie fundi kila RCBO iwe na nyutro yake, nyutro ya chumba kimoja isiazimwe kwenda kingine, vinginevyo zitakuwa zinakata bila sababu mnahangaika kutafuta waya uliochubuka ambao haupo.

dada_wa_Kigamboni

Sawa nimeelewa, naweka nne. Ya chumba namba tatu ni kubwa kuliko zingine, sijui ni 24000 au zaidi, ampea ngapi hapo?

FundiKebo_Dar

Usikisie dada. Ubavuni mwa mashine ya nje kuna kibati au stika ina maandishi madogo, mwambie fundi aipige picha kabla hajashuka, tafuta palipoandikwa ampea ya juu kabisa ya kuingia na ukubwa wa breka kama wameutaja, uitupie hapa tuione.